Haki ya Mgeni na Haki ya Mwenyeji



Jioni moja hapa Kinondoni, baada ya darasa kwisha, mwanafunzi mmoja alibaki nyuma. Hajatimiza mwaka tangu ajiunge nasi. Kwao ni kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi, na ndugu zake walikuwa wamempelekea habari kwamba liko shauri la kutenga sehemu ya ardhi ya kijiji iwe makazi ya wafugaji wanaohamahama. Kijiji kimegawanyika, na wazee wanamtaka atoe neno lake kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma.

"Maalim," akasema, "nimefundishwa hapa kwamba msafiri ana haki juu yetu. Je, nikisema hapana, nitakuwa nimemwasi Mungu? Na nikisema ndiyo, kisha shamba la mama yangu likaliwa na ng'ombe, nani atalijibia?"

Swali hili si dogo, wala halifai kujibiwa kwa neno moja. Katika nchi yetu watu wamekufa kwa ajili yake. Basi na tulichunguze kwa utaratibu.

Sikiliza pande zote mbili

Sikumjibu siku ile. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipomtuma Sayidna Ali (r.a.) kwenda Yemen kuwa kadhi, alimwagiza asihukumu baina ya watu wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Mwanafunzi wetu alikuwa amesikia habari za ndugu zake tu. Nikamwambia aende kwanza akazungumze na kijana wa Kimasai anayelinda lango la nyumba jirani. Sisi watu wa mjini twawajua wafugaji hao kwa njia hiyo: usiku twawaamini na mali zetu, lakini mchana hatuwaulizi habari za kwao.

Akarudi baada ya siku mbili, akasema: "Nilimwuliza kwa nini ng'ombe wao huingia mashambani. Akanijibu kwamba ng'ombe haujui mpaka, mtu ndiye aujuaye. Lakini kwao kila mwaka njia ya kwenda majini hulimwa, na hakuna awaonyeshaye njia nyingine." Nikamwambia: sasa una pande mbili, twaweza kuanza.

Mambo yaliyotokea

Kuanzia mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji wengi katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Kusudi lilikuwa kuiokoa ardhi oevu ya Ihefu, ambayo maji yake huenda katika mto Ruaha Mkuu na kufika kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wafugaji wengi wakaelekezwa mkoa wa Lindi, hasa wilaya ya Kilwa. Safari ilikuwa ndefu, na wako waliopoteza mifugo mingi njiani. Nao wenyeji wa pwani ya kusini, ambao tangu zamani walikuwa na ng'ombe wachache sana kwa sababu ya mbung'o, wakaona makundi makubwa yakiingia katika nchi ya mihogo, ufuta na mikorosho. Mgeni hakuwa amechagua kuja, wala mwenyeji hakuwa amezoea kumpokea mgeni wa namna ile.

Habari ya Kilosa, mkoani Morogoro, ni nzito zaidi. Huko wakulima na wafugaji walikuwa wakigombania mabonde yenye maji kwa miaka mingi. Vijiji vya wafugaji vilikuwa katika sehemu kavu. Kiangazi kikifika ng'ombe hawana budi kufuata maji mabondeni, na huko ndiko yaliko mashamba. Tarehe 8 Desemba 2000, katikati ya mwezi wa Ramadhani, kijiji cha Rudewa Mbuyuni kilishambuliwa na watu 38 wakauawa. Wataalamu waliochunguza mauaji hayo wameeleza kwamba chanzo hakikuwa chuki ya kabila tu. Watu walikuwa wamepoteza imani na ofisi zilizopaswa kuwaamua, kwa kuwa rushwa ilikuwa imeingia baina ya haki na mwenye haki. Mtu asiyeamini tena kwamba atasikilizwa huishika silaha.

Wala wakazi wa Kinondoni wasidhani kwamba jambo hili ni la mashamba tu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, kaskazini mwa Kinondoni yetu, wakakaa kwanza katika mahema. Walipewa viwanja, na hilo lilikuwa jema. Lakini riziki yao ilikuwa mjini, na baadhi yao wakarejea kule kule walikotolewa. Kumpa mtu mahali pa kulala bila kuuliza atakula nini ni kufanya nusu ya kazi.

Mafundisho ya dini

Kurani Tukufu yamtaja msafiri miongoni mwa wanaostahili sadaka (9:60), na katika aya nyingine (4:37) yatuamuru kumtendea wema jirani wa karibu, jirani aliye mgeni na msafiri. Hapo haikuulizwa kabila lake wala kazi yake. Basi anayesema, "Hatuwataki kwa kuwa ni Wamasai," au "kwa kuwa ni Wabarabaig," au "kwa kuwa ni Wasukuma," huyo hana hoja katika dini.

Lakini je, wema huo wafuta haki ya mwenyeji? Hasha! Tazameni jinsi Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivyoishi alipokuwa mgeni. Alipofika Madina, mahali alipotaka kujenga msikiti palikuwa mali ya mayatima wawili. Wakataka kumpa bure, yeye akakataa mpaka akapanunua kwa thamani yake. Tena Ansari, yaani wenyeji wa Madina, walipotaka kuigawa mitende yao nusu kwa nusu na Muhajiri, yaani wageni waliotoka Makka, hakukubali. Ndipo wakapatana kwamba wageni wafanye kazi mitendeni na pande zote mbili zishirikiane matunda. Hivyo wenyeji walibaki na mashamba yao, na wageni wakala kwa jasho lao. Undugu wa Madina tunaousifu sana ulisimama juu ya mapatano yaliyo wazi.

Na juu ya mifugo iharibuyo shamba dini haikunyamaza. Ngamia wa sahaba Al-Baraa bin Azib (r.a.) aliingia katika bustani ya watu akaiharibu. Mtume (s.a.w.) akaamua kwamba mchana wenye bustani wazilinde bustani zao, na usiku wenye mifugo waizuie mifugo yao, iharibucho usiku, wao ndio walipao. Fikirini uadilifu wa hukumu hii. Kila upande ulipewa zamu ya kazi, na kila mmoja alijua tangu mwanzo saa gani yeye ndiye mwenye kujibu.

Hali kadhalika Kurani yataja shauri lililopelekwa kwa Nabii Daudi na Nabii Sulaiman (a.s.), la shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu (21:79-80). Wafasiri wengi wamesimulia kwamba Daudi (a.s.) aliona kondoo wapewe mwenye shamba wawe fidia, lakini Sulaiman (a.s.) akaona mwenye shamba awashike kondoo na kunufaika kwa maziwa na sufi yao, huku mwenye kondoo akilitengeneza shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Hukumu ya kwanza ilimlipa mmoja na kumwacha mwenziwe bila kitu. Ya pili iliwarudisha wote wawili katika riziki zao, nao wakabaki majirani.

Sheria ya nchi

Muumini hutii sheria ya nchi yake, na hawezi kuitii bila kuijua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kwa sheria hiyo Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kama mdhamini wa mali ya wengine, na haina ruhusa ya kuigawa bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkutano wa watu wazima wote wa kijiji. Mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Basi mama wa mwanafunzi wetu anaweza kuinuka mkutanoni na kusema juu ya shamba lake. Ugomvi ukizuka, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha.

Tena Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, yaonyesha jinsi kijiji kinavyopanga ardhi yake: hapa kilimo, hapa malisho, hapa makazi, hapa msitu, na hii ndiyo njia ya mifugo kwenda majini. Vijiji jirani vyaweza hata kupatana kutumia ardhi kwa pamoja. Wilayani Kiteto, mkoa wa Manyara, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilifanya hivyo: vikaunganisha malisho yao yakawa eneo moja, wakaliita OLENGAPA, jina lililotungwa kwa majina ya vijiji vyenyewe.

Wala nchi tajiri hazikusalimika na mashauri ya namna hii. Huko Uingereza wako watu wa jadi ya kuhamahama waishio katika nyumba za magurudumu. Sheria ya mwaka 1968 ilizilazimisha halmashauri kuwatengea viwanja. Mwaka 1994 wajibu huo ukaondolewa. Oktoba 2011 familia nyingi ziliondolewa kwa nguvu huko Dale Farm, katika Essex, mahali walipokuwa wamejenga bila kibali ingawa sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mali yao. Mtu anayehamahama asipotengewa mahali hatoweki. Hukaa mahali pasipo ruhusa, na ugomvi huanza upya.

Jibu

Basi nilimjibu mwanafunzi wetu hivi. Ukisema hapana kwa sababu ya kabila la watu, umekosa mbele ya Mungu. Ukisema ndiyo ili usifiwe kwa ukarimu, hali shamba utakalolitoa ni la mama yako na la jirani zako, umekosa pia, kwa maana hakuna ukarimu katika mali ya mwingine. Nenda ukawaambie wazee mambo manne.

Kwanza, shauri lisiamuliwe ofisini wala usiku. Liletwe katika Mkutano Mkuu, na wafugaji wenyewe waitwe waseme wanahitaji nini.

Pili, ardhi ipimwe kabla ya mifugo kuingia, na idadi ya mifugo ilingane na malisho yaliyopo.

Tatu, njia ya kwenda majini, lambo na josho viwekwe mapema, na njia hiyo isilimwe na mtu yeyote, hata kama ni mwenyeji.

Nne, iandikwe tangu mwanzo ni nani atakayelipa shamba likiharibiwa, na ni nani atakayelipa ng'ombe akijeruhiwa.

Mambo hayo yakikubaliwa, mpokeeni mgeni kwa moyo mweupe. Yakikataliwa, una haki ya kusema hapana kwa mpango ule. Lakini mgeni aliyekwisha kufika mlangoni hanyimwi maji wakati mpango ukitengenezwa.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, ndugu zangu hawatafurahi kusikia kwamba nao wasilime njia ya ng'ombe." Nikamwambia kwamba hapo ndipo atakapojua kama alichojifunza kimeingia moyoni. Kumdai mgeni haki ni rahisi. Kumdai ndugu yako haki kwa ajili ya mgeni ndiyo kazi ya muumini.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa waadilifu kwa walio karibu na walio mbali. Amin.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini Mtume (s.a.w.) alikataa kupewa bure ardhi ya msikiti?
2. Katika hukumu juu ya ngamia wa Al-Baraa (r.a.), wajibu wa kila upande ulikuwa upi?
3. Eleza tofauti baina ya hukumu ya Nabii Daudi na ya Nabii Sulaiman (a.s.) kama zilivyosimuliwa na wafasiri.
4. Katika mtaa au kijiji chako, ni mgeni gani ambaye haki yake husahauliwa, na ni mwenyeji gani ambaye hakuulizwa?