Namna ya Kukusanya Nyimbo za Wazee Wako na Yaliyomo Ndani Yake

Ukitaka mama yako akusimulie ujana wake, usimwulize habari za ujana. Atakujibu, "Tuliishi tu, mwanangu," na mazungumzo yataishia hapo. Mwekee wimbo. Mimi nimekulia Morogoro, mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na karibu yote ninayoyajua kuhusu familia yetu kabla sijazaliwa nimeyapata kwa njia hii.

Kazi ya kwanza ni kuupata wimbo wenyewe, ule ule alioucheza yeye. Usiridhike na jina. "Malaika" umeimbwa na Fadhili William, na Miriam Makeba, hata na Boney M., na kwa bibi harusi aliyeingia ukumbini na sauti mojawapo, hizo nyingine si wimbo wake. Uliza bendi, uliza nani alikuwa anaimba. Halafu kumbuka kwamba nyimbo nyingi za dansi zilikatwa vipande viwili ili zienee kwenye santuri ndogo, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, na kwenye intaneti mara nyingi utakuta kimewekwa kimoja tu. Tafuta vyote. Wazee wengi ninaowasikiliza hawakumbuki sana beti za mwanzo. Wanangojea chemko, pale magitaa yanaposhika kasi na watu wanaacha viti.

Ukishaupata, usimkalishe mzee mbele ya simu kama shahidi mahakamani. Mwache na kazi yake. Mama nilimwekea "Shida" ya Mbaraka akiwa anachambua mchele, spika ndogo iko mezani, nami nikanyamaza. Wimbo ulikwenda mpaka karibu na mwisho ndipo mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

"Siku tuliyosikia huyu amekufa, bibi yako ndiye aliyelia wa kwanza," akasema. "Yeye aliyekuwa akituita wahuni kila tukiwasha redio."

Kutoka hapo yakaja mengine bila kuombwa: redio yenyewe ilikuwa ya jirani, betri zilianikwa juu ya bati ili zipate nguvu kidogo, na shangazi alikuwa akitoroka kwenda dansini kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi. Bibi sikumwona mimi. Siku hiyo nilimjua.

Maswali yako yawe ya vitu vinavyoshikika. Ulivaa nini? Nani alilipa kiingilio? Mlirudi nyumbani kwa usafiri gani? "Ulijisikiaje" humfanya mtu atafute jibu la kukupendeza, lakini gauni analikumbuka mpaka vifungo vyake. Na mzee akisema zima, zima. Zipo nyimbo zilizofungamana na misiba, na si kila msiba ni wa kusimuliwa leo.

Kuna faida moja ambayo watu hawaitarajii: nyimbo zinasaidia kupata miaka. Mama hakuwa na hakika ni lini walihamia Kilosa, ila anajua ilikuwa baada ya ile habari ya kifo cha Mbaraka, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Mjomba akisema alikwenda kucheza Sikinde, najua si kabla ya 1978, mwaka ambao bendi hiyo, Mlimani Park, ilianzishwa. Angalia tu neno hilo, "si kabla ya". Wimbo huendelea kupigwa redioni miaka mingi baada ya kurekodiwa, kwa hiyo unakuonyesha mahali pa kuanzia kuhesabu, basi.

Rekodi mazungumzo kwa simu, kisha siku hiyo hiyo andika daftarini jina la wimbo, bendi, msimulizi, mahali na tarehe. Maneno yake yaache alivyoyatamka. Ukimsahihishia Kiswahili chake, umemwondoa ndani ya hadithi yake.

Kama nyimbo zenyewe ziko kwenye kaseti za zamani, hizo zinataka uangalifu zaidi. Kabla ya kucheza kaseti, vunja vile vijino viwili vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Safisha kichwa cha redio ya kaseti kwa pamba na spiriti, acha kikauke. Kaseti iliyokaa miaka bila kuchezwa ipeleke mpaka mwisho na uirudishe mwanzo kwanza, maana tepu huwa imegandana. Kisha unganisha redio na kompyuta kwa waya kutoka tundu la spika za masikioni, na urekodi kwa programu ya bure kama Audacity.

Usikate chochote. Kwenye kaseti moja ya mjomba, wimbo unapokwisha mtangazaji anaanza kusoma kadi za salamu, na nyuma yake anasikika babu akiuliza kama chai imeiva. Hiyo ndiyo sauti pekee ya babu tuliyo nayo. Fundi aliyezoea kuhamisha nyimbo tu angeifuta, akidhani ni kelele.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu kuna boksi la kaseti chini ya kitanda, nakuomba usilitupe wala usimpe mtu kabla hujazisikiliza zote, pande zote mbili.