Bei Yako Haisomeki? Jaribu Fonti Nyembamba Ndefu

Leo tuongelee herufi za kwenye tangazo.

Angalia neno TUNASAFIRISHA. Herufi 13! Kiswahili chetu kina maneno marefu, na skrini ya simu ni nyembamba. Ukitumia fonti ya kawaida inabidi upunguze saizi mpaka neno lienee. Matokeo yake mteja anaona picha ya viatu, maandishi hayaoni, anapita status inayofuata. Au anakuja inbox kuuliza "bei gani?" na bei umeiandika.

Dawa ni fonti iliyobanwa: herufi ndefu kwenda juu, nyembamba kwa upana, mistari minene, hazina vimkia. Neno lile lile linaenea likiwa kubwa zaidi.

Shida hii ni ya zamani. Mwaka 1903 huko Marekani, Morris Fuller Benton wa kampuni ya American Type Founders alichora Alternate Gothic, ikatoka kwa upana wa aina tatu ili mchapaji achague inayoenea kwenye nafasi yake. (Wamarekani waliziita herufi zisizo na vimkia "Gothic".) League Gothic ya leo imetokana na hiyo. Ipo Canva, pamoja na Bebas Neue, Anton na Oswald. Kwenye Google Fonts zote nne ni bure, hata kwa biashara.

Mimi ningeanza na Anton kwa bei, maana ni nene na inaonekana hata juu ya picha yenye rangi nyingi. Bebas Neue ni nzuri ila haina herufi ndogo, kila unachoandika kinatoka kikubwa. Kama unauza unga na unataka "kg" ionekane hivyo hivyo, chukua Oswald.

Usichukue fonti ya kawaida ukaivuta pembeni ili ibanike. Mistari ya kusimama inakonda, ya kulala inabaki minene, tangazo linaonekana la kubahatisha.

Na usiandikie kila kitu. Hizi ni za maneno mawili matatu: jina la bidhaa, bei, OFA. Maelezo ya saizi, rangi na sehemu ulipo weka kwa fonti ya kawaida. Herufi zilizobanwa zikiwa ndogo, matundu yanazibika, na WhatsApp ikishapunguza ubora wa picha, 3, 6 na 8 zinafanana. Mteja akisoma 38,000 badala ya 36,000 huenda asikuulize, anaondoka tu. Namba ya simu ndiyo kabisa, usiibane: iandike kwa fonti pana, uigawe tarakimu tatu tatu.

Ukimaliza, jitumie tangazo WhatsApp, nyoosha mkono, soma bei bila kukuza picha. Ikikusumbua, ongeza kidogo nafasi kati ya herufi kabla ya kupost.