Somo la Mtu Aanzaye Kupiga Bunduki

Ndugu zangu wa vijiji vya Bendera, nguruwe wa porini na nyani wanaijua mihogo yenu kuliko ninyi wenyewe. Kwa hiyo vijana wengi wanataka kufundishwa gobori. Ni vema, lakini kwanza karatasi: sheria ya mwaka 1985 inadai kibali cha serikali kwa kila mwenye bunduki. Ukiisha kukipata, sikiliza.

Siku ya kwanza hakuna baruti. Mwanafunzi atanuna, mwache anune. Tia mdeki ndani ya mwanzi mtupu mpaka chini kabisa, kisha ukate alama ndogo juu ya mdeki, pale pale penye mdomo wa bunduki. Toka siku ile, ukitaka kujua kama bunduki ina kitu ndani, usimwulize mwenyewe. Ondoa fataki, weka uso wako kando, tia mdeki. Alama ikibaki juu ya mdomo, imeshindiliwa. Bunduki inayoua watu nyumbani mara nyingi ni ile iliyosemwa, “Haina kitu.”

Tena, mdomo usielekee mtu hata kama bunduki ni tupu, na kidole kikae mbali na ulimi wa kufyatulia mpaka jicho limeshika shabaha. Afanye hivi mchana kutwa, mpaka mikono izoee.

Siku ya pili, shindilia. Baruti ipimwe kwa kipimo kidogo, isimiminwe kutoka katika pembe yenyewe, maana cheche iliyobaki ndani ya mwanzi itapanda mpaka pembeni na kukuunguza mkono. Risasi ishuke mpaka ikae juu ya baruti; pakiwa na nafasi kati yao, mwanzi waweza kupasuka. Fataki huvishwa mwisho, ukiwa umekwisha kuelekea shabaha.

Sasa neno kwa ninyi mnaokaa karibu na migodi. Baruti ya kupasulia miamba si baruti ya bunduki, hata chembe moja. Nguvu yake hutoka mara moja, wala mwanzi hauwezi kuivumilia. Gobori iliyoundwa kwa bomba la maji, mimi simpi mwanafunzi, hata aundaye akiwa mjomba wangu.

Shabaha iwe karatasi kubwa, hatua 20, juu ya kichuguu au ukingo wa udongo usio na mawe, maana risasi hurudi kutoka kwenye jiwe. Tazama pia nyuma ya shabaha: je, pana njia ya kisimani? Mwanafunzi aketi, bunduki ilale juu ya gunia la udongo, kitako kikazwe begani, na pamba itiwe masikioni, ijapokuwa husaidia kidogo tu. Baruti iwe chache, isimpige bega. Akiumia mara ya kwanza, ataogopa mara zote.

Na macho yawe wazi! Mwezi wa Juni 1965 wapiganaji Wanyarwanda na Wakongo, pamoja na Wakuba, walishambulia kambi ya askari hapa Bendera, penye mtambo wa umeme, wakashindwa. Che Guevara, mkubwa wa Wakuba, aliandika kwamba wapiganaji wengi walifumba macho na kukaza kidole mpaka risasi zikaisha. Bunduki zao zilikuwa za kisasa, lakini kosa lile naliona kwa kila mgeni. Dawa yake ni hii: siku nyingine mpe bunduki tupu bila kumwambia, naye avute. Akifumba macho, atajiona mwenyewe, na wote mtacheka.

Apige mara tatu, apumzike, aende pamoja nawe kutazama matundu. Hapo ndipo furaha ilipo, si katika kishindo. Matundu yakikaribiana, hata kama yote yako kushoto, msifu.

Fataki ikilia na baruti isiwake, asiigeuze bunduki wala asichungulie. Aiache ikielekea shabaha, ahesabu polepole mpaka 60, maana moto huweza kuchelewa.

Jioni osha mwanzi kwa maji ya moto, ukaushe, upake mafuta kidogo. Masizi ya baruti hula chuma. Nawa mikono kabla ya kula, kwa kuwa risi ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Bunduki itundikwe juu, tupu, na fataki zifungiwe sandukuni, ufunguo ukae kwako.