Viungo vya Kuazima: Gari Kuukuu na Vipuri vya Gari Jingine

Udongo mweusi wa mbuga, uliotanda mabondeni katika wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, una tabia mbili. Wakati wa kiangazi hukakamaa na kupasuka nyufa ambamo mtu aweza kutia mkono; wakati wa mvua hunywa maji, hufura na kunata. Kwa mkulima udongo huo una rutuba, ijapokuwa ni mgumu kulimwa. Kwa dereva ni mtihani. Magurudumu yazamapo, injini hulazimika kutoa nguvu zake zote huku gari likienda kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na upepo wa kupoza rejeta haupo. Barabara ya lami itokayo Lamadi kupitia Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi imepunguza sana taabu hiyo, lakini pamba hailimwi kandokando ya lami peke yake. Msimu wa ununuzi ufunguliwapo mwezi wa Mei, pamba hutolewa vijijini kwa njia za udongo, na mgonjwa wa Meatu apelekwaye hospitali hupita njia hizo hizo.

Ndiyo sababu gari kuukuu lenye kutumia magurudumu manne bado lina thamani mkoani Simiyu. Mfano bora ni Land Rover 109, ambayo namba yake yataja urefu kati ya ekseli mbili, yaani inchi 109, karibu sentimita 277. Utengenezaji wa aina hiyo ulikoma mwaka 1985, lakini bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu upesi, na springi zake za mabamba hutengenezwa upya na mhunzi yeyote mwenye ujuzi. Kinachokufa kwanza ni injini. Hapo mwenye gari hutafuta gari jingine, mara nyingi Toyota iliyopinduka au iliyooza bodi, akanunua moyo wake. Kwa kuwa kazi hii yafanana na ile ya madaktari wapandikizao figo, makala haya yataliita gari linalotoa kipuri mtoaji, na lile linalopewa mpokeaji.

Desturi hii ilikomaa wakati wa dhiki. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Katikati vikaja Vita vya Kagera, na Tanzania ikabaki na fedha chache mno za kigeni za kuagizia vipuri. Magari ya mashirika na ya umma yalisimama kwa kukosa kitu kidogo, pengine pampu ya maji au beringi moja. Yakisimama mawili, moja lilinyofolewa ili la pili litembee. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baadaye magari yaliyokwisha kutumika yakaanza kumiminika kutoka Japani, nchi ambayo usukani wake huwa upande wa kulia kama wa Tanzania. Tangu hapo mtoaji hakulazimika tena kuwa ndugu wa mpokeaji. Mambo kama hayo yalitokea mjini Havana, ambako baada ya Marekani kuifungia Cuba biashara, magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yaliendelea kutembea kwa injini za dizeli zilizotoka kwingine.

Ugumu waanzia hapo. Kipuri kitokacho katika gari la ukoo mwingine hakiji peke yake. Huja na masharti ya gari lililokizaa. Mhandisi aliyekichora alikwisha kuamua kitazunguka mara ngapi kwa dakika, kitabeba mzigo gani, kitapozwa na nini. Masharti hayo hayakuandikwa popote juu ya chuma.

Lichukuliwe kwanza ungio la injini na giaboksi. Matundu ya bolti ya Toyota hayalingani na ya Land Rover, kwa hiyo fundi hukata bamba la chuma nene na kutoboa duara mbili za matundu, moja la kila upande. Bamba hilo si la kushikilia tu. Kazi yake kuu ni kuuweka mhimili wa injini na shafti ya giaboksi katika mstari mmoja, na uvumilivu wake ni mdogo: kama sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa unywele. Jicho la binadamu, hata la fundi wa miaka thelathini, halioni kosa hilo. Gari litawaka, litatembea, na mwenyewe atalipa kwa furaha. Baada ya miezi michache beringi ya giaboksi itaanza kulia na klachi kutetemeka, na lawama itawekwa juu ya ubovu wa giaboksi.

Kipimo chake si kigumu. Saa ya kupimia, ile yenye mshale ambayo mkereza vyuma huitumia kwenye mashine yake, hufungwa juu ya gurudumu zito la injini, na ncha yake hugusa ukingo wa tundu ambamo shafti ya giaboksi itapita. Injini huzungushwa kwa mkono mzunguko mmoja kamili. Ikiwa mshale umesogea milimita 0.4 kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, mhimili umekwenda upande kwa nusu yake, yaani milimita 0.2, na bamba halina budi kusogezwa kabla ya kufungwa pini zake. Kazi yote yamaliza nusu saa. Yashangaza kwamba ndiyo irukwayo mara nyingi zaidi.

Ungio la pili halionekani kwa macho wala haliguswi kwa mkono, nalo ni hesabu ya mizunguko. Katika Land Rover ya zamani, gia ya nne huupitisha mzunguko wa injini bila kuubadili. Giaboksi ndogo ya pili huupunguza mara 1.15, difu huupunguza tena mara 4.7. Jumla ni 5.4. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 555 hivi, na kwa tairi ambayo mzunguko wake mmoja ni mita 2.45 gari huenda kilomita 82 kwa saa. Dereva wa siku hizi, aliyezoea lami ya Lamadi, huuona mwendo huo kuwa mdogo. Hivyo hutafuta difu ya Range Rover ya kale, yenye uwiano wa 3.54, ambayo huingia katika ekseli nyingi za Land Rover bila kukatwa chochote. Sasa kwa mizunguko ile ile gari hufika kilomita 109.

Hapana kitu kitolewacho bure. Kadiri mwendo ulivyoongezeka, nguvu ya kuzungusha magurudumu imepungua, na kwa uwiano ule ule: robo nzima imepotea. Juu ya lami hasara hiyo haisikiki. Ndani ya mbuga, baada ya mvua, robo hiyo ndiyo iliyokuwa ikilitoa gari matopeni.

Kuna na mtego mwingine. Land Rover 109 za miaka ya mwisho zina ekseli ya nyuma ya aina nyingine, nzito zaidi, isiyoipokea difu hiyo. Fundi akibadili ya mbele tu, gari litakwenda vizuri maadamu linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Siku dereva atakapounganisha magurudumu manne, ekseli ya nyuma itataka kwenda mita 100 wakati ile ya mbele yataka kwenda 133. Katika tope magurudumu yatateleza na ugomvi usijulikane. Mahali pagumu ama tairi zitasagika, ama chuma kitakatika.

Kukatika kwa chuma kuna kanuni yake. Nguvu itokayo katika injini hupita katika mnyororo wa klachi, giaboksi, propela shafti, difu na shafti za ekseli hadi gurudumuni, na kila hatua ipunguzayo mizunguko huongeza nguvu ya kuzungusha kwa kiasi hicho hicho. Injini ya petroli ya Land Rover, yenye sentimita za ujazo 2,286, hutoa nguvu ya kuzungusha ya kama nyutoni-mita 160. Katika gia ya kwanza ya mwendo wa chini, ambapo mizunguko hupunguzwa mara 40.7, nguvu hiyo hufika magurudumuni ikiwa kama 6,500, ukiacha mbali kiasi kinacholiwa na msuguano. Injini kubwa ya dizeli ya Land Cruiser, ya silinda 6 na lita 4.2, hutoa kama nyutoni-mita 280. Ikipachikwa mbele ya giaboksi ile ile, magurudumuni patafika zaidi ya 11,000. Shafti za ekseli za nyuma za Land Rover za kale zilijulikana kwa kukatika hata kwa injini yake ya asili. Hilo halikuwa baya lote, kwani shafti ni kipuri cha bei nafuu na hubadilishwa njiani. Ikikatika, imeiokoa difu. Fundi aiimarishaye shafti bila kufikiri kilicho nyuma yake hajauondoa ugonjwa, ameuhamishia mahali pa ghali zaidi. Kwa maoni ya wengi waijuao kazi hii, injini ya kuazima yafaa isizidi sana ile ya asili kwa nguvu. Dizeli ya Hilux ya lita 2.8, yenye nyutoni-mita zisizofika 190, hulifaa gari hilo kuliko lile jitu la silinda 6, ijapokuwa haina sifa ya kusimuliwa.

Juu ya breki kosa ni la hatari zaidi, maana halimgusi mwenye gari peke yake. Nishati ya gari liendalo huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Gari lenye uzito wa kilogramu 2,500 pamoja na abiria, likienda kilomita 80 kwa saa, lina nishati ya kama kilojuli 617. Yatosha kuchemsha lita 2 za maji ya kawaida. Kwa kilomita 110, nishati ni kilojuli 1,167, karibu mara mbili, na yote hugeuka joto ndani ya ngoma nne za chuma kila mara dereva akanyagapo kwa sababu ya kundi la ng'ombe wavukao barabara. Ngoma ipatapo moto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki. Hivyo kadiri breki inavyohitajiwa ndivyo kanyagio linavyozidi kushuka. Breki za diski hazina kasoro hiyo, kwani sahani yake hutanuka kuelekea pedi. Ngoma pia hudhoofika zikiingia maji, na mito ya msimu ni mingi njiani. Basi mwenye gari achukuaye injini na difu katika mtoaji na kuziacha breki zake zikauzwe kwa mwingine, amechukua nusu ya dawa.

Kupoza na umeme vyaweza kuelezwa kwa ufupi. Karibu theluthi moja ya joto la mafuta huondolewa na maji ya injini, kwa hiyo rejeta na feni zifuate injini mpya, si bodi ya zamani. Injini nyingi za dizeli za Kijapani zina starta ya volti 24, na Land Rover ina volti 12. Lisipoangaliwa hilo mapema, nyaya huungua.

Linabaki swali la afya ya mtoaji mwenyewe. Gari lililopinduka huficha nyufa. Chuma kilichopindishwa mara maelfu huchoka, nao mchovu huo huanza kwa ufa mwembamba usioonekana, mara nyingi pembeni mwa tundu au mahali unene ubadilikapo. Kuna njia ya kale ya kuugundua, isiyotaka mashine yoyote. Kipuri husafishwa hadi chuma kionekane, kikalowekwa katika mafuta ya taa kwa saa kadhaa, kikafutwa kikauke kabisa, kisha kikapakwa vumbi la chaki nyeupe. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hutoka polepole na kuchora mstari wa unyevu juu ya chaki. Mikono ya usukani, vituguta vya magurudumu na shafti zote hazina budi kupimwa hivyo kabla ya kufungwa.

Kipuri cha usukani au cha breki kilichopatikana na ufa hakichomelewi. Chuma cha namna hiyo kilipata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Moto wa kuchomelea huufuta ugumu huo mahali pamoja na kuacha wepesi wa kuvunjika mahali pa pili, sentimita moja kando ya ungio. Kwa nje ungio laonekana imara kuliko chuma chenyewe. Hukatika bila kutoa dalili, na usukani ukikatika katika kilomita 80 kwa saa, dereva hana la kufanya.

Jambo la karatasi lisisahauliwe. Kadi ya gari huandikwa namba ya injini pamoja na ya chasisi. Injini ikibadilishwa, taarifa ipelekwe kwa wasajili, na hati ya kununulia injini ya mtoaji itunzwe, maana vipuri vya wizi navyo hupita katika gereji.

Mabaki ya mtoaji huishia katika mkokoteni wa ng'ombe. Hapa wahunzi wa vijijini hufanya kosa moja la kupendeza: huchukua ekseli ya nyuma yote, kwa kuwa ni nzito na yaonekana ya kudumu, wakaifunga chini ya mkokoteni pamoja na difu yake. Kila gurudumu lizungukapo mara 10, pinioni iliyomo ndani huzunguka mara 47 bila kazi yoyote, ikikoroga oili nzito iliyobaki humo, na ng'ombe ndio walipao gharama. Pinioni hiyo yaweza kung'olewa kwa kufungua bolti chache. Nafuu zaidi ni vituguta viwili vya mbele, vyenye beringi zake, vikifungwa kwenye bomba zito la chuma. Mkokoteni huwa mwepesi, na jozi ile ile ya ng'ombe huongezewa gunia.