Kingamwili Moja, Sumu Mbili

Kingamwili haitambui jina la bakteria. Inatambua umbo la antijeni. Antijeni mbili zikifanana umbo, kingamwili ya moja huweza kuishika na ya pili. Huu ni mwitikio mtambuka wa kinga.

Mfano: Mwanzoni mwa 2009, wakazi wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu, dozi mbili. Ufuatiliaji ulionesha kinga ya asilimia 79. Chanjo ilikuwa na:

(a) Bakteria wa kipindupindu waliouawa. Kingamwili zake hushika uso wa bakteria huyo.

(b) Sehemu B ya sumu yake. Sehemu B hunata kwenye seli za utumbo. Sehemu A ndiyo huingia ndani na kuleta kuharisha. B peke yake haidhuru.

Baadhi ya bakteria aina ya E. coli hutoa sumu inayoharibiwa na joto. Sehemu B yake inafanana na ya kipindupindu kwa takriban asilimia 80 ya asidi amino, hivyo kingamwili za (b) huizuia pia.

Swali: Mtoto aliyechanjwa ameharisha kwa E. coli inayotoa tu sumu isiyoharibiwa na joto. Eleza kwa nini. (alama 3)

Jibu: Sumu hiyo ina umbo tofauti (1), kingamwili za sehemu B haziishiki (1), uso wa E. coli nao si wa kipindupindu (1).

Angalizo: Aliyechanjwa bado anahitaji maji salama, choo na sabuni. Akiharisha, apewe maji ya chumvichumvi mapema.