Jeraha la Shingo Baada ya Ajali: Yampasayo Abiria Kuyafahamu

Bodaboda inapogongana na bajaji pale Daraja Mbili, watu hujaa kabla vumbi halijatulia. Mmoja humvuta majeruhi mkono ili aketi, mwingine humvua kofia ngumu, wa tatu husimamisha pikipiki, na majeruhi hupelekwa Hospitali ya Mount Meru kwa mtindo wa mshikaki, amebanwa kati ya dereva na msamaria. Huruma hiyo twaiheshimu. Hata hivyo, ni katika dakika hizo ndipo jeraha lililoweza kutibika hugeuka kuwa ulemavu wa maisha.

Shingo ina pingili saba, na ndani yake hupita ugwe unaopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Pingili yaweza kuvunjika na ugwe ukabaki salama. Ndiyo maana majeruhi huweza kuinuka, akatembea, hata akabishana na dereva kuhusu nauli. Pingili hiyo ikisogea, ugwe hubanwa, na ugwe uliokatika hauungiki.

Kwa hiyo, majeruhi anayepumua na asiye katika hatari ya moto au magari aachwe alivyolala. Kichwa chake kishikwe kwa mikono miwili kisigeuke, kofia isivuliwe isipokuwa inazuia pumzi, na msaada uitwe kwa namba 112 au 114. Akitapika, ageuzwe mwili mzima kwa pamoja, kama gogo. Ikilazimu kumsafirisha, gari ambalo aweza kulazwa ni bora kuliko pikipiki.

Hospitalini, wengi hudhani upimaji ni eksirei, na hulalamika wasipopigwa. Si kila lalamiko la namna hiyo lina msingi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliohusisha majeruhi 34,069, ulitumia maswali matano. Je, katikati ya shingo kwa nyuma panauma pakibonyezwa? Amelewa? Fahamu zimevurugika? Ana ganzi au udhaifu wa viungo? Ana jeraha jingine lenye maumivu makali yanayoweza kuficha yale ya shingo? Kati ya watu 818 waliokuwa na majeraha ya shingo, maswali hayo yaliwakosa 8 tu. Majibu yote yakiwa "hapana", daktari aweza kuamua kwamba picha haihitajiki, nawe ukaokoa fedha. Kwa mwenye miaka 65 na zaidi, tahadhari huongezwa.

Swali la pombe ndilo hujibiwa kwa uongo zaidi, kwa hofu ya polisi au ya kukosa fidia. Mlevi hahisi maumivu ipasavyo. Akificha, vipimo vyote vinavyofuata hupotoka. Fomu ya PF3 na ifuatwe na ndugu, mgonjwa akiendelea kuhudumiwa.

Eksirei nayo haionyeshi kila mvunjiko. Pakiwa na shaka, mwulize daktari kuhusu CT-Scan. Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani kisha akahisi ganzi, mikono kulegea au mkojo kuziba, arejeshwe hospitalini siku hiyo hiyo, akiwa amelazwa.