Kupunguza Uzito: Usiende Peke Yako



Leo tutajifunza juu ya unene. Tunajua wengine watacheka. Watasema, "Unene ni neema bwana, ugonjwa ni njaa." Tunawaomba wasome mpaka mwisho. Wakishamaliza, wakitaka kucheka wacheke.

Huku kwetu pwani mtu mnene husifiwa. Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa, watu husema, "Mumewe anamtunza." Mwanamume akitoka kitambi, husema, "Huyo mambo yake yamemnyookea." Lakini mwili ukizidi kiasi, moyo hufanya kazi kubwa mno. Magoti huuma. Shinikizo la damu hupanda, yaani ile tunayoiita presha. Na ugonjwa wa kisukari huja polepole bila kubisha hodi.

Msidhani haya ni maradhi ya matajiri wa mjini tu. Mwaka 2012 ulifanywa uchunguzi hapa Tanzania. Walipimwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Katika kila watu 100, watu 26 hivi walikuwa na uzito uliozidi. Na katika kila watu 100, watu 9 hivi walikuwa na kisukari. Hesabuni watu 100 wa kijiji chenu, mtaona kuwa jambo hili linatuhusu.

MAMA WA KIGOMBE

Tutoe mfano. Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya kufundishia, lakini wengi mtamtambua mama huyu.

Kigombe ni kijiji cha pwani katika wilaya ya Muheza, kwenye njia ya kutoka Tanga kwenda Pangani. Watu wake wengi ni wavuvi na wakulima. Mama wetu huyu ni mke wa mvuvi. Kila alfajiri anakaanga vitumbua vya kuuza. Akikaanga, anaonja. Chai yake anaitia sukari vijiko 4. Mchana wali wa nazi, usiku wali wa nazi.

Siku moja kaka yake alianguka akiwa anatengeneza wavu. Mkono na mguu wa kulia havikunyanyuka tena, na mdomo ukaenda upande. Ni kiharusi. Kumbe alikuwa na presha miaka mingi wala hajui, maana hakupata kupimwa.

Mama yule akaingiwa na hofu. Akaenda zahanati kupimwa. Presha yake ilikuwa juu na uzito wake ulikuwa kilo 82. Mganga akampa dawa, kisha akamwambia, "Mama, na uzito nao upungue."

Mama akaanza peke yake. Hakumwambia mtu. Akapunguza wali, akapunguza sukari. Mwezi ukaisha, kilo 3 zimetoka. Akafurahi. Ndipo wifi yake akaja.

"Wifi, mbona umekonda hivyo? Waumwa?"

"Siumwi. Napunguza mwili tu."

"Mh! Mie usinifiche. Huko kisimani washaanza kusema."

"Wanasema nini?"

"Wengine wanasema una yale maradhi. Wengine wanasema kaka hakulishi."

Mama yule aliona aibu, kwa nafsi yake na kwa mumewe. Jioni ile akapika wali sufuria nzima, akala ili watu wamwone anakula. Miezi 2 haikupita, kilo zote 3 zimerudi.

ALIKOSEA WAPI?

Je, mama yule alikuwa mvivu? Hapana. Alikuwa mlafi? Hapana. Kosa lake ni moja tu. Alikwenda vitani peke yake, na vita yenyewe ilikuwa ya ndimi za watu kuliko ya chakula.

Kijijini mtu hali peke yake. Sinia ni moja. Shughuli za harusi ni za wote. Mgeni akija, chai huletwa na sukari nyingi ili asiseme tumemnyima. Mtu mmoja hawezi kubadili mambo haya. Lakini watu 10 wakikubaliana wanaweza. Ukikonda peke yako, watu watasema una maradhi. Mkipungua 10 kwa pamoja, watu watauliza, "Nyie mnafanya nini? Na sisi tuingie."

Bahati njema, yule wifi naye alikwenda kupimwa, akakutwa na presha. Akarudi kwa mwenziwe akasema, "Basi wifi, tuanze pamoja. Wakisema, watuseme sote." Wakatafuta majirani wengine 6. Wakawa 8.

KIKUNDI SI JAMBO GENI

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima karibu milioni 2 waliingia katika vikundi nchi nzima. Walikaa kuzunguka redio, wakasikiliza somo, wakasoma kitabu na kujadiliana. Kisha waliamua kazi ya kufanya kijijini kwao. Walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakachemsha maji. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mambo yalifanyika kwa sababu jirani alimwona jirani yake akichimba, naye akashika jembe.

Hata nchi za mbali wamejifunza hivyo hivyo. Mwaka 1961 kule New York, Marekani, mama mmoja aitwaye Jean Nidetch alikuwa na kilo 97. Alikwenda kliniki ya jiji akapewa orodha ya vyakula. Lakini nyumbani alikuwa akila biskuti kwa siri, na kliniki aliona haya kusema. Basi akawaita rafiki zake 6 nyumbani, akawaambia ukweli wote. Kumbe na wao kila mmoja alikuwa na siri yake. Wakawa wanakutana kila wiki. Baada ya mwaka mmoja hivi, yeye alifika kilo 64. Mwaka 1963 mikutano ile ikawa shirika, ambalo baadaye lilienea katika nchi nyingi.

Mnaona? Biskuti za yule mama na vitumbua vya mama wa Kigombe ni kitu kimoja. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

JINSI YA KUANZISHA KIKUNDI

1. Tafuteni wenzenu 5 hadi 10. Msiongeze sana, ili kila mtu apate nafasi ya kusema. Wanaume wasijitenge. Kitambi hakichagui.

2. Kwanza nendeni wote zahanati. Mpimwe uzito, presha na sukari. Mwelezeni mganga mnachotaka kufanya.

3. Chagueni siku moja ya wiki. Mnaweza kukutana hapo hapo mnaposuka makuti, au baada ya mkutano wa upatu.

4. Kila mtu awe na daftari lake. Hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Andika tarehe, andika uzito wako. Mzani uwe ule ule, na saa ziwe zile zile. Uzito wa mtu ni siri yake, asilazimishwe kuusoma mbele ya wenzake.

5. Kila mtu aseme mambo mawili: lipi nimeliweza wiki hii, na lipi limenishinda. Wenzake wamsikilize, kisha wampe shauri.

6. Mwisho mkubaliane jambo moja la wiki ijayo. Moja tu. Kwa mfano, "Wiki hii chai kwa kijiko kimoja."

Na ziwepo sheria 3. Maneno ya kikundi yasitoke nje. Mtu asitaniwe mwili wake, hata kama ni mtani wako. Na aliyeongezeka uzito asitozwe faini. Katika upatu faini inafaa, lakini hapa haifai. Ukimtoza faini, wiki ijayo hatakuja, au atakuja na uongo.

Kama hamna mzani, tumieni kamba. Kata kamba yenye urefu wako, kutoka utosini hadi nyayo. Ikunje katikati. Kisha izungushe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu. Kama ncha zinakutana, vizuri. Kama hazikutani, mafuta ya tumboni yamezidi. Kamba hiyo itunze. Kila mwezi ijaribu tena.

TULE NINI? TUFANYE NINI?

Hatusemi mfe njaa. Vyakula vyema tunavyo. Tuna samaki, kisamvu, matembele, mchicha, kunde, na machungwa ya Muheza. Samaki wa kuchoma au wa kuchemsha ni bora kuliko wa kukaanga. Mboga zijaze nusu ya sahani. Wali, ugali au muhogo ujaze robo, na samaki au kunde robo iliyobaki. Tui la nazi lisiwe zito kila siku. Soda ziwe za nadra. Mwezi wa Ramadhani tuangalie futari, maana wengi hufunga mchana halafu usiku hula kuliko siku zote. Wanakikundi wanaweza kufutari pamoja kwa kiasi.

Na mwili ufanye kazi. Tembeeni kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Jumla ni dakika 150. Tembeeni pamoja. Ukimwona mwenzio amesimama mlangoni anakungoja, huwezi kusema leo nimechoka.

HESABU

Kijiko cha chai kilichojaa kina sukari gramu 5 hivi. Mama wetu alikunywa vikombe 3 kwa siku, kila kimoja vijiko 4.

Vijiko 4 × 3 = vijiko 12 kwa siku.
Vijiko 12 × gramu 5 = gramu 60 kwa siku.
Gramu 60 × siku 30 = gramu 1,800 kwa mwezi.

Karibu kilo 2 za sukari kwa mwezi, na hiyo ni ya chai peke yake!

Haya, na apunguze kilo ngapi? Si lazima awe mwembamba kama msichana. Kupunguza kilo 5 katika kila kilo 100 tayari kunausaidia mwili.

82 × 5 ÷ 100 = kilo 4.1.

Kwa hiyo akifika kilo 78, amefanya kazi kubwa. Tazama daftari lake tangu aingie kikundini:

Wiki ya 1: kilo 82
Wiki ya 4: kilo 81
Wiki ya 8: kilo 79.5
Wiki ya 12: kilo 80.5
Wiki ya 16: kilo 78

Wiki ya 12 kilo zilipanda. Kulikuwa na harusi mbili. Siku ya mkutano aliona haya, akataka asiende. Wifi yake akamfuata nyumbani akamwambia, "Twende tu wifi. Hata mie pilau ile haikuniacha." Wakaenda. Wiki ile moja ndiyo iliyookoa kazi yote. Angekuwa peke yake, angekwisha kata tamaa.

HADHARI

Msinunue dawa wala chai za kupunguza unene zinazotembezwa mitaani. Zipo zinazodhuru.

Mwenye dawa za presha asiache dawa kwa sababu amepungua. Mwenye dawa za kisukari asipunguze chakula kabla ya kumwona mganga, maana sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka.

Mjamzito na anayenyonyesha wapate kwanza ushauri wa mganga. Watoto wasinyimwe chakula.

Na mtu anayekonda bila kutaka, au anayekohoa wiki 2 na zaidi, huyo aende zahanati upesi.

MANENO MAGUMU

Kiharusi: ugonjwa wa ghafla wa ubongo, wakati damu inapoziba au mshipa unapopasuka. Mara nyingi upande mmoja wa mwili hupooza.
Shinikizo la damu: nguvu ya damu inapopita katika mishipa. Ikizidi ni hatari.
Hadhari: onyo la kujilinda.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mama wa Kigombe alirudi kula sana? Kijijini kwenu watu husema nini wakimwona mtu amekonda?
2. Kwa nini faini haifai katika kikundi hiki?
3. Hesabu sukari unayotia katika chai kwa mwezi mzima.
4. Mtu ana kilo 90. Anataka kupunguza kilo 5 katika kila kilo 100. Atapunguza kilo ngapi?

KAZI YA WIKI HII

Kata kamba yako. Kisha mtafute mwenzio mmoja, mpimane. Kikundi huanza na watu wawili, kama wale mawifi wa Kigombe. Kidole kimoja hakivunji chawa.